Siku sita katika Kaunti ya Clare, Ayalandi: je, kuna nini zaidi ya majabali ya Moher?

MwanaBuruburu (mwuliza swali)

Habari zenu wanajukwaa. Mwishoni mwa mwezi wa Mei ninatarajia kusafiri na baba yangu kutoka Nairobi kwenda Ayalandi kumtembelea dada yangu, ambaye ni muuguzi mjini Limerick. Tukishakaa naye kidogo tutabaki na siku sita za kutembea, na kwa kuwa Limerick inapakana na Kaunti ya Clare, dada anashauri tuzimalizie zote huko badala ya kukimbizana na nchi nzima. Kwa wasioifahamu, Clare iko upande wa magharibi na imekaribia kuzungukwa na maji: Bahari ya Atlantiki upande mmoja, mto Shannon na ziwa Derg upande mwingine. Ukubwa wake ni takriban kilomita za mraba 3,450, yaani kama mara tano ya kaunti yetu ya Nairobi.

Shida ni kwamba kila nikitafuta habari za Clare, picha ninazoziona ni zilezile za majabali ya Moher yakitazama bahari. Baba ana umri wa miaka 71 na alifundisha jiografia katika shule za upili kwa zaidi ya miaka thelathini. Jana jioni nilipomwonyesha picha hizo alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena, kisha akaniuliza kama kweli nataka kumpandisha ndege mbili ili akatazame bahari, ilhali bahari iko Mombasa na treni inafika huko kwa nusu siku. Sikuwa na jibu la kumpa.

Naomba mnaoijua kaunti hiyo mniambie kama ina vivutio vya asili na vya kihistoria vya kumtosha mtu wa aina yake kwa siku sita, na vipi kati ya hivyo vinafikika na mtu ambaye anatembea vizuri kwenye tambarare lakini ngazi nyingi na miteremko humtesa magoti. Pia ningependa kujua kama tunaweza kutegemea mabasi au ni lazima tukodi gari.

---

Mpanda Ngong

Mwambie mzee kwamba ana haki ya kuuliza hivyo, ila atambue kuwa cha kumpeleka Clare si bahari, bali ni jiwe atakalosimama juu yake. Nilisoma Galway kwa miaka miwili na nilivuka kuingia Clare mara nyingi kuliko nilivyopaswa kama mwanafunzi mwenye mitihani, kwa hiyo nivumilieni nikirefusha.

Kaskazini mwa kaunti hiyo kuna eneo linaloitwa Burren, jina linalotokana na neno la Kiayalandi lenye maana ya mahali pa mawe. Ni vilima na nyanda za mwamba wa chokaa ulio wazi, wa rangi ya kijivu, ambao kwa mbali unaonekana kama sakafu kubwa ya saruji iliyopasukapasuka. Mwamba huo ulijengeka takriban miaka milioni 330 iliyopita kwenye sakafu ya bahari ya joto isiyo na kina kirefu, wakati nchi inayoitwa Ayalandi leo ilikuwa karibu na ikweta. Kwa maneno mengine, mzee atasafiri kutoka ikweta kwenda kukanyaga mabaki ya bahari iliyokuwa kwenye ikweta, na akiinama ataona matumbawe na viumbe wengine wa bahari hiyo wakiwa wamegeuka mawe. Baadaye sana mito ya barafu ilikwangua udongo na kuacha mawe makubwa yamesimama peke yake hapa na pale, kisha mvua ikawa inayeyusha chokaa kidogo kidogo na kuchonga nyufa ndefu zinazokwenda sambamba. Ndiyo maana mito juu ya ardhi ni michache: maji hupotelea chini, hupita mapangoni, na mahali pengine huibuka baada ya mvua na kufanya ziwa ambalo baada ya muda hunyweka tena ardhini na kuacha malisho.

Mnakwenda wakati mzuri kabisa, kwa sababu Mei ndio mwezi wa maua. Nakumbuka jioni moja nilipopiga magoti kando ya ufa mmoja na kuingiza mkono hadi kwenye kiwiko. Ndani kulikuwa na ubaridi na unyevu, na majani ya kangaga yalinigusa vidole, lakini kiganja cha mkono wa pili, nilichokiegemeza juu ya jiwe, kilihisi joto la jua la mchana mzima. Hatua moja kutoka hapo lilikuwapo ua la jentiana, dogo kuliko sarafu ya shilingi kumi, la buluu kama wino wa kalamu za kujaza tulizotumia zamani. Ua hilo ni la milima ya Alpi. Karibu yake huota mimea ya nchi za baridi kali za kaskazini, na katika malisho yaleyale kuna okidi ambayo kwao hasa ni pwani za Bahari ya Mediterania. Mwalimu wa jiografia hawezi kukosa la kusema mahali ambapo mimea ya tabianchi tatu inagawana ufa mmoja.

Na kuna jambo ambalo wageni wengi hawaambiwi, nalo linamhusu Mkenya kuliko Mzungu wa kawaida. Wafugaji wa Burren hupandisha ng'ombe wao vilimani mwezi wa Oktoba na kuwateremsha majira ya kuchipua, kinyume na desturi ya milima mingi ya Ulaya, ambako mifugo hupanda wakati wa joto na kushuka kabla ya theluji. Sababu ni mwamba wenyewe: chokaa hutunza joto la kiangazi na kulitoa taratibu wakati wa baridi, na kwa kuwa maji hupenya haraka, ng'ombe hawalali kwenye matope. Ng'ombe hao hula nyasi zilizokauka na vichaka vinavyoanza kuchomoza, hivyo ifikapo Mei maua hayana cha kuyafunika. Ukiondoa mifugo, vichaka hufunika mwamba na maua hutoweka. Mzee akiwa amewahi kufundisha habari za kuhamahama kwa Wamaasai, nadhani atasimama hapo muda mrefu, na wewe utafute pa kukaa.

Katikati ya eneo hilo kuna Poulnabrone, kaburi la mawe lenye bamba kubwa lililolazwa juu ya mawe yaliyosimamishwa wima. Lilichimbuliwa na wanaakiolojia mwaka 1986, wakapata mabaki ya zaidi ya watu thelathini, wakubwa kwa watoto, na wa kale zaidi walizikwa zaidi ya miaka elfu moja kabla ya kujengwa kwa piramidi kubwa ya Giza. Kutoka maegesho ni mwendo mfupi tu wa tambarare, ila sakafu ina nyufa, kwa hiyo fimbo ya kutembelea itafaa. Mwendo wa dakika chache kwa gari kuna Caherconnell, boma la mviringo lililojengwa kwa mawe matupu bila saruji ya kuyaunganisha. Niliposimama ndani yake nilifikiria Thimlich Ohinga kule Migori, iliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018. Watu hawakujuana, bahari na majangwa kati yao, lakini mawe yamepangwa kwa akili ileile ya kubanana yenyewe kwa uzito wake.

Sasa kuhusu Moher. Msiyaache, ila yawe ya baadaye. Majabali hayo yana urefu wa kilomita 14 hivi kando ya pwani na yanafika mita 214 karibu na mnara wa O'Brien, yaani takriban mara mbili ya jengo la KICC. Miamba yake ni matabaka ya tope na mchanga uliogandamana, yaliyoletwa na mto mkubwa wa kale uliomwaga mashapo yake baharini miaka milioni 320 hivi iliyopita, na matabaka hayo yalilala juu ya chokaa ileile ya Burren. Anayeanza na Burren kisha akaenda Moher anasoma kitabu kwa mpangilio wake, bahari kwanza, delta baadaye. Mimi mara ya kwanza nilianza na Moher, kwa basi la watalii ambalo sitalitaja, tukapewa dakika tisini katika ukungu mzito. Nilipiga picha tatu za weupe mtupu na kurudi kwenye kiti changu.

---

Mtafiti wa Mambo ya Kale

Nakubaliana na ndugu aliyetangulia kuhusu mpangilio, lakini amezama mno katika mawe hata akawasahau waliojenga kwa mawe hayo. Ndugu MwanaBuruburu, usikose abasia ya Corcomroe, iliyo kwenye bonde la kijani kaskazini mwa Burren. Watawa wa shirika la Wasistasia waliijenga mwanzoni mwa karne ya 13 na kuiita kwa Kilatini Maria Mtakatifu wa Mwamba Wenye Rutuba, jina ambalo mzee atalielewa mara tu atakapoona nyasi zilizostawi kati ya vilima vya kijivu. Paa limeanguka sehemu kubwa, ila kwenye sehemu ya altare kuna sanamu ya jiwe ya mfalme wa ukoo wa O'Brien, aliyeuawa mwaka 1268, akiwa amelala chali. Juu ya nguzo kuna maua yaliyochongwa. Hakuna lango la tikiti wala duka la vikombe, na mara nyingi utakuta uko peke yako na kunguru.

Kijiji cha Kilfenora kiko njiani. Misalaba yake mirefu ya mawe ni ya karne ya 12, na baadhi imehifadhiwa chini ya paa la kioo ndani ya magofu ya kanisa kuu. Jimbo la kanisa la Kilfenora lilikuwa dogo na maskini kiasi kwamba hatimaye lilikosa askofu wa kwake, na hadi leo wenyeji hutania kwamba askofu wao ni Papa mwenyewe. Kama mna nafasi, piteni pia Dysert O'Dea, ambako mwaka 1318 ukoo wa O'Dea na washirika wake walimshinda na kumuua Richard de Clare, bwana wa Kinormani aliyetaka kuitwaa nchi hiyo.

Mjini Ennis, makao makuu ya kaunti, kuna magofu ya nyumba ya watawa Wafransisko yenye michongo maridadi sana, na kwa kuwa mji ni tambarare, magoti ya mzee hayatalalamika. Nje kidogo ya Ennis ndiko ulikotoka mfupa mmoja uliobadilisha historia ya nchi nzima. Ni mfupa wa goti la dubu, uliochimbuliwa pangoni mwaka 1903 na kukaa miaka mingi katika sanduku la makumbusho. Ulipochunguzwa upya, na matokeo kutangazwa mwaka 2016, alama za kisu zilizo juu yake zilionyesha kuwa watu walikuwapo Ayalandi miaka 12,500 iliyopita, yaani miaka 2,500 kabla ya ilivyodhaniwa. Pango lenyewe halijafunguliwa kwa watalii. Wanaotaka kuingia ardhini huenda Aillwee, au Doolin, ambako kuna stalaktiti, yaani jiwe lililoota kutoka darini mwa pango, moja yenye urefu wa zaidi ya mita saba inayoning'inia kama taa ya msikitini. Kwa Doolin ngazi ni nyingi mno, kwa hiyo nisingempeleka mzee huko.

Kuhusu Bunratty, ambayo dada yako lazima ataitaja kwa sababu iko njiani kutoka Limerick: ngome ni ya kweli, ilijengwa takriban mwaka 1425 na ukoo wa MacNamara, na vyombo vyake vya ndani ni vya thamani. Kijiji kilicho chini yake kimekusanywa, yaani nyumba za mashambani zimehamishwa au kujengwa upya hapo ili watu waone maisha ya zamani, kama vile Bomas of Kenya inavyofanya kwa boma za makabila yetu. Ngazi za ndani ya ngome ni nyembamba, zinazunguka, na zinateleza. Kuna pia karamu za usiku ambapo wahudumu huvaa mavazi ya kale na kuimba. Mimi sikuipenda, ila mke wangu alicheka mpaka machozi, kwa hiyo pimeni wenyewe.

---

MwanaBuruburu

Ndugu zangu, nashukuru sana. Nimemsomea mzee majibu haya baada ya chakula cha jioni. Nilipofika kwenye habari ya ikweta aliniambia nirudie, kisha akachukua kalamu. Hata hivyo anauliza swali ambalo siwezi kulijibu: je, siku zote sita ni za kaskazini tu? Kwenye ramani ameona rasi ndefu inayoingia baharini upande wa kusini-magharibi, na anataka kujua kuna nini huko.

---

Binti wa Likoni

Mzee ana jicho. Hiyo ni rasi ya Loop Head, na watalii wengi huiacha kwa sababu mabasi makubwa hugeuzia Moher. Mwishoni kabisa kuna mnara wa taa uliojengwa mwaka 1854, ingawa taa za kuongoza meli zilikuwapo hapo tangu karne ya 17. Unaweza kufika kwa gari hadi karibu nao, kisha ukatembea juu ya nyasi hadi mahali ambapo nguzo kubwa ya mwamba imetengana na nchi kavu na ndege wa baharini wameijaza kila kishubaka. Hapo hakuna ukuta wa kukuzuia, kwa hiyo mshikeni mzee mkono akianza kueleza matabaka huku akirudi nyuma. Kwenye nyasi mtaona pia neno ÉIRE limeandikwa kwa mawe makubwa. Liliwekwa wakati wa Vita Kuu ya Pili ili marubani wajue kuwa wako juu ya nchi isiyoshiriki vita.

Kutoka mji wa Kilrush kuna boti za msimu zinazokwenda kisiwa cha Scattery, hali ya bahari ikiruhusu. Kwangu mimi hapo ndipo mahali pa kwanza katika kaunti nzima, na ninajua wenzangu watabisha. Mtakatifu Senan alianzisha monasteri kisiwani humo katika karne ya 6, na masimulizi yanasema kwanza ilimbidi alifukuze zimwi la baharini lililokimiliki kisiwa. Mnara wake wa mviringo una urefu wa mita 26 hivi, na mlango wake uko usawa wa ardhi, jambo lisilo la kawaida, kwa maana minara mingine ya aina hiyo huwa na mlango juu unaofikiwa kwa ngazi. Wakazi wa mwisho waliondoka mwaka 1978. Nyumba zao bado zipo kando ya njia, milango imeoza, na katika mojawapo niliona meko yenye masizi bado ukutani na mti umeota pale ambapo pengine palikuwa na kitanda. Mimi nimekulia pwani, nimeona magofu ya Gedi na ya Jumba la Mtwana, na yote hayo huyaona kama mali ya watu wa zamani sana. Scattery ilinishtua kwa sababu waliohama wangeweza kuwa wajomba zangu.

Mlango wa mto Shannon una pomboo wanaoishi humo mwaka mzima, na boti za kuwatazama hutoka Kilrush na Carrigaholt. Mkitaka kupumzika na kuendesha, pandeni feri ya Killimer inayovusha magari hadi Tarbert katika Kaunti ya Kerry kwa dakika ishirini hivi, halafu mrudi. Mimi niliipanda kwa sababu tu ya kuikumbuka Likoni. Hakukuwa na msukumano wala muuza njugu, na nilijikuta nimeukosa msukumano.

---

Dereva Mtulivu

Nitajibu la usafiri. Kodini gari, kama mnaweza. Huendeshwa upande wa kushoto kama kwetu, kwa hiyo hamtapata tabu ya kuzoea, ila barabara za Burren ni nyembamba na zimebanwa na kuta za mawe pande zote mbili, na ukikutana na trekta mmoja wenu atarudi nyuma. Chukueni gari dogo. Basi nambari 350 hupita kati ya Galway na Ennis kupitia Doolin na Moher, nalo ni zuri kwa Moher, lakini halitawafikisha Poulnabrone, Corcomroe wala Loop Head.

Kwa Moher, nunueni tikiti mtandaoni mapema, kwani huuzwa kwa saa maalumu, na mchague asubuhi sana au jioni. Mwishoni mwa Mei jua huzama karibu saa nne usiku, jambo litakalomshangaza mzee aliyezoea saa kumi na mbili na nusu ya Nairobi, kwa hiyo hata mkifika saa mbili jioni bado kuna mwanga wa kutosha. Karibu na kituo cha wageni, ambacho kimejengwa ndani ya kilima, njia ni pana na zina kuta za mawe bapa. Mwonyesheni mzee mawe hayo yenyewe, kwa sababu mengi yana mistari iliyopindapinda kama minyoo, nayo ni njia za viumbe waliotambaa kwenye tope la bahari kabla ya tope kuwa jiwe. Mei pia ni msimu wa pafini, wale ndege weusi na weupe wenye mdomo wa rangi, wanaotaga kwenye mashimo. Njia ndefu za pembezoni mwa majabali msizifuate: sehemu zake zilifungwa mwaka 2024 baada ya watu kuanguka, na kwa magoti ya miaka 71 hazina faida yoyote.

La mwisho ni viza. Ayalandi haimo katika eneo la Schengen, hivyo viza ya Schengen haitawaingiza, na Mkenya anahitaji viza ya Ayalandi yenyewe. Ombeni mapema, na mkipitia London hakikisheni kwanza masharti ya kupita hapo. Wengi hukwepa usumbufu huo kwa kupitia Doha au Dubai.

---

MwanaBuruburu

Nimepokea yote, na mpango umebadilika. Siku mbili za kwanza ni za Burren, pamoja na Poulnabrone na Corcomroe. Ya tatu ni Kilfenora na Ennis. Moher tumeyasogeza hadi jioni ya siku ya nne, baada ya mzee kukataa katakata yatangulie. Ya tano ni Loop Head, na ya sita Scattery, bahari ikikubali. Bunratty itategemea dada.

Leo asubuhi nimemkuta stoo akipekua sanduku lake la shule. Ametoa kioo cha kukuzia chenye mpini uliovunjika, akaufunga kwa uzi, na amenitaka niulize hapa kama kangaga za kwenye zile nyufa zinaonekana vizuri zaidi asubuhi au jioni.

---

Mpanda Ngong

Asubuhi, jua likiwa bado chini, mwanga huingia ufa kwa ubavu. Na abebe kitu cha kupigia magoti, hata gunia litatosha.